Ol Doinyo Lengai: usiudharau kwa mita zake

Mkuu, umeuliza kwa nini Lengai, mlima wa volkano wa kaskazini mwa Tanzania wenye mita 2,962 tu, unawatesa hata watu waliokwisha kupanda Mlima Meru, na kwa nini safari huanza usiku wa manane. Nimeupanda mara mbili, Septemba na Februari, kwa hiyo nitakujibu kwa nilichokiona.

Achana na urefu wa kilele, angalia mlima unaanzia wapi. Ziwa Natron liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, chini kabisa katika Bonde la Ufa. Pepo za kutoka bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, huku chini kunabaki vumbi na jua. Saa nane mchana pale Engare Sero, kijiji kilicho karibu na ziwa hilo, mchanga ulikuwa unanichoma hadi ndani ya ndala. Gari inakuacha kwenye mita 1,200 hivi, halafu unapanda zaidi ya mita 1,700 na kuzishuka siku hiyo hiyo. Njiani hakuna mti wa kivuli, kibanda wala tone la maji. Jua likikukuta katikati umekwisha.

Ndiyo maana tuliondoka saa sita usiku, tumelowa jasho. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6, na upepo wa juu hauna cha kuuzuia. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa natetemeka, jaketi liko mwilini na vidole vimekufa ganzi.

Sehemu ya juu mwinamo unakaribia nyuzi 45. Majivu ya mlipuko wa 2007 na 2008 yameganda, mvua imeyachimba mifereji. Mwongozaji wetu, mzee wa Kimaasai, alikuwa anayagonga kwa fimbo kabla ya kukanyaga: yakilia kama debe tupu, anahamia pembeni. Mimi nilikanyaga kabla hajagonga, nikateleza mita kadhaa na kuchunika viganja vyote viwili. Beba glavu ngumu, tafadhali.

Ila ukifika ukingoni mwa kreta, lile shimo la kileleni! Lava ya hapa haifanani na nyingine yoyote inayotoka duniani leo. Ina joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida, kwa sababu imejaa kaboneti ya sodiamu, yaani jamii ileile ya magadi. Inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Niliona michirizi myeusi juu ya sakafu nyeupe ya kreta, na sauti ya kububujika ilitufikia juu. Mzee alivua kofia akanyamaza. Kwao huu ni Mlima wa Mungu.

Magharibi ukaona nyanda zinazoelekea Serengeti. Nyasi fupi wanakozalia nyumbu kila Februari zimeota juu ya majivu yaliyopeperushwa kutoka milima ya upande huu.

Epuka Machi hadi Mei, mifereji ile hugeuka utelezi mtupu. Maji beba lita nne, na kabla ya kulipia chochote waulize wenyeji wa Engare Sero mlima umeamkaje wiki hiyo.