Imeili Inaingia, Haitoki: Usikubali Kupigiwa Windows

Wiki hii dada mmoja wa Moshi, anayepokea wageni wa mlima nyumbani kwake, ameniandikia hivi: "Habari kaka. Imeili za wageni zinaingia vizuri tu, ila nikijibu haziendi. Zimekaa Outbox tangu juzi. Kuna fundi kaniambia kompyuta ipigwe Windows upya. Nimpe?"

Usimpe, dada yangu. Najibu hapa hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako. Arusha na Moshi zimejaa watu wanaoishi kwa imeili: wenye vyumba vya wageni, waongoza watalii, wauza kahawa, wachonga vinyago wanaosafirisha kwa oda. Mgeni akiuliza bei asipojibiwa leo, kesho ameshalipa kwingine. Halafu anakuja mtu na flashi yenye Windows, anafuta kila kitu, na imeili bado haitoki, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye Windows. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umegoma.

Lishike hili kwanza. Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti, kila moja ina seva yake (kompyuta ya mtoa huduma wa imeili) na mipangilio yake. Imeili zinazoingia huvutwa kwa utaratibu wa IMAP au POP. Zinazotoka husukumwa kwa SMTP, utaratibu ulioandikwa mwaka 1982, enzi ambazo waliounganishwa walikuwa wachache na wakiaminiana. Ulinzi wote umeongezwa baadaye: nenosiri, usimbaji (kuugeuza ujumbe usisomeke njiani), poti mpya (namba za milango ya seva). Na kwa kuwa matapeli wa dunia nzima hutumia njia hiyohiyo ya kutoka, ndiyo inayobanwa kila mwaka. Kwa hiyo imeili zikiingia na zisitoke, una habari njema tayari: intaneti ipo, na kompyuta ni nzima.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua brauza, ingia kwenye imeili yako huko mtandaoni, jiandikie ujumbe mfupi usio na kiambatisho. Ukitoka, akaunti ni salama na kosa liko kwenye programu ya kompyuta au njia inayopitia. Usipotoka, acha kuhangaika na kompyuta. Angalia nafasi: akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Simu inayopandisha kila video ya harusi huijaza bila wewe kujua, na ikijaa hutumi wala hupokei.

Sasa soma kosa linaloandikwa kwenye skrini. Watu hulifunga haraka kwa kuwa ni Kiingereza kirefu, na hapo ndipo wanapoanza kupoteza pesa. Tafuta namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, kama 421 au 451, seva inasema jaribu tena baadaye. Subiri nusu saa, usibadilishe kitu. Ikianza na 5, imekataa kabisa. 535 ni jina au nenosiri limekataliwa. 530 ni kwamba programu haikujitambulisha. 550 mara nyingi ni anwani ya unayemwandikia haipo, au seva haikuruhusu kupitisha ujumbe wako. 552 ni ujumbe mkubwa kupita kiasi, au sanduku la mpokeaji limejaa. 554 ni ujumbe umekataliwa, mara nyingi kwa kushukiwa kuwa taka. Kwenye Outlook, programu ya imeili ya Microsoft, 0x800CCC0E maana yake programu haikuifikia seva kabisa, kwa hiyo usihangaike na nenosiri. Piga picha ya skrini kwa simu. Fundi wa kweli ataiomba hiyo picha kabla ya kuomba pesa.

Kama hakuna kosa lolote, ujumbe umekaa tu Outbox, angalia chini kabisa ya dirisha la Outlook kama imeandikwa "Working Offline". Nenda kwenye "Send/Receive", bonyeza "Work Offline" mara moja. Kingine ambacho wengi hawakijui: ukiufungua ujumbe ulioko Outbox ili kuuchungulia, Outlook huutoa kwenye foleni. Jina lake huacha kuwa kwa herufi za mlazo, na hautatumwa hadi uufungue na kubonyeza "Send" tena. Kila unapokwenda kuukagua kama umeondoka, wewe mwenyewe unauzuia.

Sababu nyingine ya foleni ni kiambatisho. Ujumbe mmoja mzito mbele unaweza kuizuia mizigo yote nyuma yake. Gmail inaruhusu MB 25, lakini faili likibebwa na imeili hugeuzwa kuwa maandishi, na huvimba kwa zaidi ya theluthi moja. Faili la MB 20 linakuwa kama 27. Piga hesabu ya kasi pia: MB 27 ni megabiti 216, na kwenye laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde utahitaji dakika tatu na nusu hivi, wakati Outlook kwa kawaida husubiri dakika moja tu kabla ya kukata tamaa. Muda huo huongezwa hadi dakika 10 kwenye mipangilio ya ziada ya akaunti ("Advanced"), palipoandikwa "Server Timeouts". Ila kwa picha za vyumba au za safari, zipunguze hadi upana wa pikseli 1600 hivi, au ziweke Drive utume kiungo. Kuutoa ujumbe uliokwama, washa "Work Offline", zima na uwashe Outlook, uhamishe kwenda Drafts, kisha rudi mtandaoni.

Tukija kwenye mipangilio, kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni poti. Poti 25 ilikuwa ya kawaida zamani. Leo ni ya seva kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga kwa wateja wa nyumbani ili kompyuta zenye virusi zisimwage taka. Ndiyo maana mtu anatuma vizuri ofisini, akihamia nyumbani Njiro au akibadilisha laini ya ruta, kila kitu kinagoma, naye hakugusa chochote. Weka 587 na uchague STARTTLS, au 465 na uchague SSL/TLS; hizo ni aina mbili za usimbaji. Usichanganye. Ukiweka 465 na STARTTLS, programu itazunguka weee hadi muda uishe, bila kukueleza kosa ni nini. Kwa Gmail seva ni smtp.gmail.com. Kwa Yahoo ni smtp.mail.yahoo.com. Zote mbili zinakubali poti hizo mbili.

Hakikisha pia kwenye Outlook kisanduku cha "My outgoing server (SMTP) requires authentication" kimetikiwa, na chini yake itumie mipangilio ileile ya seva ya kupokea. Kwenye Thunderbird, programu nyingine ya imeili, seva za kutuma ziko mahali pake peke yake, chini kabisa ya orodha ya "Account Settings". Watu hubadilisha nenosiri la kupokea wakadhani wamemaliza. Nenda "Settings", kisha "Privacy & Security", fungua "Saved Passwords", futa mstari unaoanza na smtp, halafu tuma tena. Itakuuliza nenosiri upya.

Nenosiri lenyewe linahitaji maelezo marefu, maana hapa ndipo wengi wanapoapa kwamba wanaandika sahihi na bado wanakataliwa. Wanasema kweli. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena nenosiri la kawaida la akaunti binafsi kwenye programu ambazo haziingii kwa kupitia ukurasa wake. Una njia mbili. Programu mpya, kama Thunderbird ya sasa, unaichagulia OAuth2, yaani kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe, kwenye njia ya uthibitisho. Itafungua dirisha la Google, utaingia kama kawaida, basi. Programu ya zamani, mfano Outlook 2010 au 2013, itahitaji nenosiri la programu. Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, kisha nenda myaccount.google.com/apppasswords, andika jina lolote, utapewa herufi 16 zilizogawanywa nne nne. Hizo ndizo unazoweka kwenye kompyuta badala ya nenosiri lako. Na ukibadilisha nenosiri kuu la Google, manenosiri yote ya programu yanafutwa. Unalibadilisha jioni kwenye simu, asubuhi kompyuta haitumi.

Wenye anwani za Hotmail, Live na Outlook.com, kwenu mambo yalibadilika tarehe 16 Septemba 2024. Microsoft ilizima kuingia kwa jina na nenosiri peke yake, na nenosiri la programu halitawasaidia. Seva ni smtp-mail.outlook.com, poti 587, STARTTLS, na uthibitisho lazima uwe OAuth2. Programu isiyoujua mtindo huo haitatuma hata ufanyeje. Hamia Thunderbird, ni ya bure. Na wale wa Windows 10 waliokuwa wakitumia ile programu ndogo ya Mail iliyokuja na kompyuta, Microsoft iliifunga mwishoni mwa 2024. Haijaharibika, haitengenezeki, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Mwenye anwani ya biashara yake, ile inayoishia na .co.tz, aandike jina la mtumiaji likiwa kamili pamoja na @ na kila kinachofuata. Akiandika nusu ya mbele tu, ataona 535. Ikitokea onyo kwamba cheti (kitambulisho cha usalama cha seva) hakilingani na jina la seva, usibonyeze kukubali kwa mazoea. Muulize aliyekuuzia nafasi ya tovuti jina halisi la seva, uliandike hilo. Wengi wao pia huweka kikomo cha ujumbe kwa saa. Ukituma salamu za sikukuu kwa wateja wote kwa mkupuo, unaweza kuzuiwa hadi saa ipite.

Umekagua vyote na bado seva haifikiki? Zima Wi-Fi ya nyumbani, washa hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine, tuma tena. Ikitoka, tatizo liko kwenye ruta au mtoa huduma. Hata bando la siku linatosha kwa jaribio hili, na linakuepusha na wiki nzima ya kubahatisha. Ukitaka uhakika zaidi, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, uandike:

Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587

Mstari wa mwisho ukisema "TcpTestSucceeded : True", njia iko wazi, rudi kwenye nenosiri. Ikisema False, jaribu 465. Zote zikiwa False kwenye laini mbili tofauti, kitu ndani ya kompyuta kinazuia, na cha kwanza kushuku ni antivairasi. Nyingi zina sehemu ya kukagua imeili zinazotoka, na hiyo hujiweka katikati na kuvuruga usimbaji. Zima hiyo sehemu peke yake, usiizime antivairasi nzima.

Tazama na saa ya kompyuta. Kwa kompyuta za mezani zinazozimwa ukutani kila jioni, au zinazopata umeme wa kukatikakatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikichoka, tarehe hurudi miaka ya nyuma kila unapowasha. Kompyuta ikiamini ni mwaka 2009, inaona cheti cha seva bado hakijaanza kutumika, inakataa kuunganisha. Zima, chomoa waya, bonyeza kile kibanio cha pembeni, betri itaruka. Weka mpya upande wa kujumlisha ukiangalia juu. Kisha chagua majira ya UTC+03:00 Nairobi, ambayo ndiyo yetu.

Ikiwa ujumbe unatoka lakini mgeni anasema hajaupata, hilo si kosa la kompyuta. Mwambie aangalie kwenye folda ya taka ("Spam"). Mwenye anwani ya biashara amwombe anayemhudumia tovuti aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail inataka angalau moja kati ya hizo kwa kila anayetuma.

Na fundi akikwambia dawa ni kupiga Windows, muulize kwanza imeili zako zimehifadhiwa wapi. Asipojua, mwondoe kwenye kiti. Ninalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeshikishwa kompyuta zilizofutwa barua za miaka, mikataba na anwani za wageni wote, ili kutibu namba ya poti ambayo ingebadilishwa ndani ya dakika mbili. Kazi ya fundi ni kutafuta kosa, na kufuta kila kitu si kutafuta. Anayetumia POP barua zake huenda zipo kwenye kompyuta hiyo tu, hakuna nakala kokote. Kwenye Outlook tafuta faili linaloishia na .pst, kwa kawaida ndani ya Documents, folda ya "Outlook Files". Kwenye Thunderbird nenda "Help", kisha "Troubleshooting Information", bonyeza "Open Folder" mbele ya "Profile Folder". Funga programu kwanza, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, uifungue hapohapo kuona kama mafaili yamo, ndipo umruhusu mtu yeyote aiguse kompyuta.