Kabla Hujagusa Tairodi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Alaimenti

Mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kupanga pembe za magurudumu, haina aibu. Ipe gari lenye tairi iliyopungua upepo, boljointi (kiungo cha duara cha saspensheni) inayocheza na sensa (kipimo kinachofungwa kwenye gurudumu) iliyowahi kudondoka, bado itakuchorea kijani na nyekundu kana kwamba kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo, mdogo wangu, skrini iache kwanza.

Anza na gari lenyewe. Jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, tairi zikiwa baridi. Tairi za ekseli moja ziwe saizi moja na zimelika karibu sawa. Fungua buti: mzigo ambao gari halibebi kila siku utoe, maana uzito hushusha springi, na springi ikishuka kemba (gurudumu linavyolala ndani au nje ukilitazama kwa mbele) na too (linavyoelekea ndani au nje ukilitazama kutoka juu) nazo huhama. Kisha nyanyua gari, shika gurudumu juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini mara nyingi ni beringi au boljointi. Wa kushoto na kulia, tafuta kwenye tairodi, fito zinazounganisha usukani na magurudumu. Tazama na bushi, mipira ya viungo vya saspensheni. Ukikuta mchezo, simama umwite mwenye gari. Kupanga too kwenye tairodi iliyokufa ni kuteka maji kwa pakacha.

Sasa sensa. Hapa wanaoanza huchanganya mambo mawili, nami nilichanganya kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

La kwanza ni kompensesheni, yaani kufidia kosa la namna sensa ilivyofungwa, na hii ni ya kila gari. Klampu inayobeba sensa imeshika rimu, lakini rimu haijanyooka kabisa na klampu yenyewe haikai wima kabisa. Piga hesabu: rimu ya inchi 16 ina kipenyo cha kama milimita 406. Klampu ikilala milimita 1 tu, umeingiza kosa la nyuzi 0.14, yaani dakika 8 hivi za pembe (nyuzi moja ina dakika 60). Kwa magari mengi madogo, hiyo inakula sehemu kubwa ya nafasi unayoruhusiwa kwenye too. Ndiyo maana programu inakutaka uzungushe gurudumu hatua kwa hatua, kipovu cha sensa kikiwa katikati, au kwa mashine za kamera usukume gari nyuma kidogo na kulirudisha. Sukuma kwenye tairi, si kwenye bampa. Pini za sahani za kugeukia, zile zilizo chini ya magurudumu ya mbele, zibaki mahali pake mpaka umalize.

La pili ni kalibresheni, yaani kusahihisha usomaji wa sensa zenyewe zikiangaliana juu ya chuma chake maalumu. Hii hufanywa kwa ratiba ya mtengenezaji, sensa inapobadilishwa, na kila inapoanguka. Hata kama imeanguka kidogo. Mwenzangu mmoja aliwahi kuiangusha, akaipangusa, akairudisha kimya kimya. Wiki hiyo kila gari nililolitoa lilirudi likivuta upande uleule, nami nikalaumu tairi.

Siku hizi mimi hutumia kipimo hiki: fungua klampu, zifunge upya, rudia kompensesheni, pima tena. Namba zikihama, tatizo liko kwenye klampu au kompensesheni. Zikitulia, lakini magari tofauti yote yanaonyesha kasoro ileile upande uleule, shuku kalibresheni, au lifti ambayo haiko levo. Lifti husahaulika sana kwa kuwa haina skrini.

Ukishamaliza kompensesheni, chomoa pini, ligandamize gari mbele na nyuma mara kadhaa likae kwenye springi zake, na weka kifaa cha kubana pedali ya breki kabla ya kugeuza usukani kupima kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani mbele au nyuma ukilitazama gurudumu kwa ubavu. Kurekebisha huanzia nyuma, kwa sababu too ya nyuma ndiyo inayoamua gari linasukumwa kuelekea wapi. Mbele ni kasta na kemba kwanza, too mwisho: ukigusa kemba baadaye, too uliyoipanga imeharibika. Usukani ufunge ukiwa katikati, injini ikiwa imewashwa kama ni wa pawa.

Magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza yana pia sensa ya pembe ya usukani. Irudishe sifuri kwa mashine ya dayagnosisi. Usipofanya hivyo, taa inaweza kuwaka kwenye dashibodi, na kesho asubuhi mwenye gari yuko mlangoni akikuuliza umemfanyia nini.