Je, aliyefungwa bila hatia alipie chakula cha gerezani?

SWALI: Mjomba wangu alikaa rumande miaka minne kwa kesi ya wizi wa mabavu, kisha mahakama ikamwachilia huru kwa kukosa ushahidi. Alitoka na mfuko wenye shati lisilomtosha tena na nauli aliyopewa na askari jela mmoja. Nimesikia kwamba Uingereza humlipa fidia aliyefungwa kimakosa, lakini humkata gharama za malazi na chakula cha gerezani. Je, ni kweli? Na mjomba anaweza kudai chochote?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, ilikuwa kweli hadi Agosti 2023. Makato hayo hayakugusa fungu la fidia linalolipwa kwa ajili ya mateso na kupotezewa uhuru, bali lile la mshahara ambao mtu angeupata angekuwa nje, kwa hoja kwamba hata aliye huru hulipa kodi ya nyumba na kununua chakula, kwa hiyo asingebaki na mshahara mzima mkononi. Mwaka 2007, katika shauri la watu watatu waliokuwa wamefungwa kimakosa, Michael O'Brien na Michael na Vincent Hickey, ambao ni binamu, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali wakatwe asilimia 25 ya fungu hilo.

Kihesabu, hoja hiyo haina kasoro. Lakini mpangaji huchagua chumba chake, na akichoka huhama. Aliyefungwa kimakosa alipelekwa kwa pingu na mlango ukafungwa kwa nje. Isitoshe, muuaji wa kweli aliyelala chumba cha pili hakuletewa ankara yoyote siku ya kutoka. Waliodaiwa ni wasio na hatia peke yao.

Kilichovunja utaratibu huo ni kisa cha Andrew Malkinson, aliyekaa gerezani miaka 17 kwa kosa la ubakaji ambalo hakulitenda, na ambaye angeweza kufikiriwa kuachiliwa mapema zaidi kama angekubali kukiri. Hukumu yake ilibatilishwa Julai 2023 baada ya vinasaba kumwelekea mtu mwingine, na ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilifuta makato hayo siku chache baadaye. Waliokwisha kukatwa hawakurudishiwa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, makato hayo yalikuwa dhuluma ndogo. Kubwa iko mlangoni: tangu mwaka 2014, kwa sheria ya England na Wales, kubatilishiwa hukumu hakutoshi; mwombaji hulipwa pale tu ushahidi mpya unapoonyesha, bila shaka yoyote ya maana, kwamba hakutenda kosa. Sam Hallam na Victor Nealon, ambao hukumu zao zilibatilishwa baada ya miaka 7 na 17, walinyimwa fidia kwa kipimo hicho, na mwaka 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawakatalia pia.

Sasa tuje kwa mjomba. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya imejiunga nao tangu mwaka 1972, unataja fidia katika ibara ya 14, lakini kwa mtu ambaye hukumu yake ya mwisho imetenguliwa. Mahabusu aliyeachiliwa kabla ya kutiwa hatiani hamo humo, ingawa miaka minne ni ileile. Njia mojawapo iliyobaki ni kufungua kesi ya madai kwamba alishtakiwa kwa hila, ambapo kuachiliwa kwake ni mwanzo tu: itambidi athibitishe kwamba hapakuwa na sababu ya maana ya kumshtaki na kwamba waliomshtaki walikuwa na nia mbaya. Polisi waliokosea kwa uzembe tu wanaweza kuponyoka hapo.

Jambo la haraka kuliko yote ni muda, kwani madai ya namna hiyo dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12, nayo huhesabiwa tangu kesi ilipomalizika kwa ushindi wake. Kabla ya kwenda kwa wakili, chukueni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, mtazame tarehe.