Wadogo zangu wa malambo, utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi, hauguswi

Nimeoneshwa tena picha ya lambo lililopandwa mikaratusi juu ya tuta, na kijana wetu kasimama mbele yake anatabasamu, eti katunza mazingira. Basi narudia, mniite babu mnavyotaka.

1. Miti, hapana. Mzizi ukioza unaacha tundu, na maji yatalipata. Pandeni ukoka, vichuguu ving'olewe vikiwa vidogo.

2. Maji yakichuruzika kwenye kitako cha tuta, kingeni kwenye chupa mtazame. Yakiwa meupe, pimeni kila siku kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani. Waambieni wa bondeni wahame, kisha ndiyo mmpigie mhandisi. Msizibe kwa udongo wa mfinyanzi, yatatokea mahali pengine. Mwageni mchanga, kokoto juu yake, mawe mwisho. Na asiniambie mtu "hili ni dogo tu, mzee." Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lilipasuka lambo la udongo la shambani, wakafa watu zaidi ya 40.

3. Utoro. Hapa naona aibu mpaka leo. Lambo letu, huku Dodoma, lilikuwa la kukinga mafuriko, kwa hiyo kazi yake ni kukaa na nafasi tupu. Wafugaji wakaja: mtaalamu, maji yote haya yanapotea bure, kiangazi tutakunywa nini? Nami, kwa kupenda kuitwa mtaalamu, nikakubali tupange viroba vya mchanga kwenye mdomo wa utoro. Kidogo tu. Tukavipanga vizuri mno.

Mvua kubwa ilipokuja usiku, viroba havikutikisika. Maji yakapanda mpaka yakavuka tuta pale bodaboda walipokuwa wamelichimba kwa kupita. Utando mwembamba tu, majani yamelala chini yake. Kisha chini ya mteremko wa nje pakakatika ngazi, na ile ngazi ikaanza kurudi nyuma, ikipanda kuelekea juu, udongo ukidondoka vipande vipande. Kiroba kilicholowa hakinyanyuki, jamani! Tulivichana kwa mapanga, tumezama hadi kiunoni, mchanga utoke wenyewe. Tuta lilibaki, lakini na korongo la kumficha punda, na uwele wa akina mama wa bondeni ulikwenda wote. Kwenye mkutano wa kijiji, aliyeomba viroba ndiye aliyesimama wa kwanza: "Mtaalamu alisema inafaa." Kweli nilisema.

4. Valvu ya bomba la kutolea maji ifunguliwe na kufungwa kabla ya msimu, isije ikashikwa na kutu. Ila lambo lililojaa msilikamue ghafla, mteremko wa ndani utaporomoka.

5. Bodaboda: wekeni magogo kwenye ncha zote mbili za tuta. Watayang'oa. Wekeni tena.