Noti haisemi kila kitu, daftari husema

Swali la wiki hii lilikuwa: je, polisi wanaweza kuzishinda noti bandia na hati za kughushi? Naona wanaweza, ila si kwa namna tunayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari: mabunda ya noti feki yametandazwa mezani, printa imewekwa pembeni, na vijana wawili wamesimama nyuma wakiwa wameinamisha vichwa. Mara nyingi hao ni vidagaa. Papa yuko kwake, anaitazama taarifa hiyo hiyo.

Mimi ni keshia, kwa hiyo upande wa noti naujua kwa vidole. Noti nyingi za karatasi hutengenezwa kwa pamba, zina mkwaruzo wake, na wino wa maandishi makubwa umeinuka kidogo. Ukiiweka karatasi ya kawaida chini ya taa ya urujuanimno inang'aa. Ya noti haing'ai. Kuna pia ile kalamu ya iodini ambayo wafanyabiashara wanaiamini kupita kiasi. Inachotambua ni wanga uliomo kwenye karatasi ya kawaida, basi. Mhalifu akiifuta wino noti halisi ya thamani ndogo na kuchapa thamani kubwa juu yake, kalamu inampitisha bila neno.

Lakini kisa kinachonifanya niseme polisi wasiishie kuitazama karatasi kilitokea Ureno. Mwaka 1925 Artur Alves dos Reis hakuchapa noti hata moja kwa mkono wake. Alighushi mkataba ulioonyesha kwamba Benki ya Ureno imeagiza noti kwa siri kwa ajili ya Angola, ukapelekwa kwa Waterlow & Sons wa London, kampuni iliyokuwa ikiichapia benki hiyo kweli. Wakachapa noti za eskudo 500, zenye picha ya Vasco da Gama, kwa mabamba halisi na kwa ustadi ule ule. Hapo taa gani ingekusaidia? Wakaguzi walizishika na kuziona safi. Kilichomfichua, Desemba mwaka huo, ni namba: noti mbili zilikutwa na namba moja. Hati moja ya uongo ilizaa pesa ambazo jicho lisingeweza kuzikataa, na ni orodha ya namba iliyozikataa.

Ndiyo maana nashangaa tunapoziweka hati nyuma ya noti, kana kwamba ni kosa dogo. Pasipoti iliyochapwa uchochoroni si tatizo kubwa sana siku hizi, kwa sababu ina chipu na alama nyingi ngumu kuigwa. Tatizo ni pasipoti halisi, iliyotolewa na ofisi halali kwa mtu aliyeleta cheti cha kuzaliwa cha kughushi. Cheti chenyewe mara nyingi ni karatasi nyepesi, muhuri na saini, nacho ndicho mlango wa kitambulisho, pasipoti na akaunti ya benki. Kachero akiikagua pasipoti hiyo hataona kasoro, maana haina. Inabidi arudi nyuma aulize: nani aliandika kwenye daftari la vizazi, na nani alithibitisha? Upelelezi huo haupendezi kwenye picha, na wakati mwingine humfikisha kwenye meza ya mtumishi wa umma, jambo ambalo nadhani ndilo linaloufanya uchelewe.

Na daftari lenyewe halina faida lisipofunguliwa. Interpol ina kanzidata ya hati za kusafiria zilizoibwa au kupotea tangu 2002. Machi 2014, abiria wawili walipanda ndege ya Malaysia MH370 kwa pasipoti za wizi, moja ya Austria na nyingine ya Italia. Zote zilikuwa tayari kwenye kanzidata hiyo. Walipopanda Kuala Lumpur hakuna aliyeziangalia humo. Wachunguzi hawakuwahusisha na kutoweka kwa ndege. Walionekana kuwa wahamiaji waliokuwa wakielekea Ulaya. Lakini kama hao walipita, hata mwenye nia mbaya angepita.

Nirudi kwenye noti, kwa sababu huko wananchi tuna kazi yetu. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulitaka kila nchi iwe na ofisi moja kuu ya upelelezi wa pesa bandia, inayofanya kazi karibu na benki inayotoa noti. Kuna sababu: noti feki zilizotoka kwenye bamba moja zina kasoro ile ile, herufi iliyovimba au mstari uliokatika. Zikikusanywa mahali pamoja kutoka miji mbalimbali, zinaonyesha njia ya kurudi kwa mchapaji. Kila noti feki inayochanwa kwa hasira au kusukumiwa muuza mboga ni ushahidi uliopotea.

Kwa nini basi watu wanaisukuma mbele? Mtu akiipeleka kituoni anapoteza pesa yake, kisha anahojiwa nusu siku kama mtuhumiwa. Nimewaona wateja wakiomba warudishiwe noti waondoke nayo, kwa kuogopa maswali tu. Polisi wangepunguza woga huo kwa fomu fupi, stakabadhi, na maswali machache ya wapi na lini aliipokea. Hasara iendelee kuwa yake, hilo siombi libadilike. Siku benki itakapoanza kubadilisha noti feki kwa noti halisi, wa kwanza kwenye foleni watakuwa wachapaji wenyewe.