Waulize gitaa lilitoka wapi

Mwanangu,

Barua nimeipata, na lile swali nalo. Unasema wenzako hapo Durban wanadai Busi Mhlongo, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, aliivuruga maskanda kwa kuitia jazi na fanki, nawe unataka kujua baba yako, mpiga besi mstaafu, anasemaje.

Waulize gitaa lilitoka wapi. Maskanda ni muziki wa Wazulu walioacha ng'ombe nyumbani wakaenda kutafuta kibarua mijini na migodini. Gitaa lilinunuliwa dukani, konsatina, kile kinanda kidogo cha mkononi, vilevile. Hata jina lenyewe limetoholewa kwenye Kiafrikaans, musikant, yaani mwanamuziki. Chao ni upigaji: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinadonoa nyuzi nyembamba, mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Mimi nilishika besi peke yake na jasho likanitoka!

Halafu sikiliza mwanzo. Kabla wimbo haujashika mdundo, gitaa humwagika peke yake, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kupiga hodi. Hizo huitwa izihlabo. Mbele kidogo mwimbaji anaacha kuimba, anajisifu mbiombio bila kuvuta pumzi: jina lake, ukoo wake, mito na milima ya kwao. Hizo ni izibongo, ndugu wa majigambo yetu. Sasa mwanangu, kwa miaka mingi aliyesimama pale na kujigamba alikuwa mwanamume. Mama huyu Busi, mzaliwa wa Inanda mwaka 1947, akaja akasimama palepale, na sauti ile ya kukaripia. Kama kuna kilichowakera wazee, mimi nashuku ni hicho, jazi na fanki wanazisingizia tu.

Itafute albamu yake ya Urban Zulu, ya mwaka 1999. Anza na "Yaphel'imali yami". Mkalimani wa nini? Mali yangu, yaani pesa, imekwisha, basi. Kisha "We Baba Omncane": baba mdogo huyo, vilevile kama tunavyoita sisi. Niliposikia jina hilo nilicheka peke yangu, maana baba yako mdogo bado ana amplifaya yangu tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Jana usiku nilijaribu kuifuata besi ya wimbo huo. Mara ya nne mama yako akaamka, akafunga mlango wa chumbani.

Baba yako