Geti lilikuwa wazi

Wiki mbili hizi maswali yamekuja mengi kuliko kawaida, na karibu yote yanaanza na mnyama aliyekuwa mahali ambapo hakutakiwa kuwa: mbwa katikati ya lami, paka juu ya kichanja cha dagaa, mbuzi kwenye mchicha wa watu. Nilikuwa bwana mifugo kabla ya kustaafu na kutulia hapa Butimba, Mwanza, kwa hiyo ninajibu kama mtu aliyeshika sindano miaka mingi. Sheria nitaigusa pale inapobidi tu.

Shikamoo mzee. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Buzuruga. Jumamosi saa moja jioni mbwa alichomoka uchochoroni nikamgonga, akafa palepale. Mimi nimevunja taa na kuchubuka goti. Mwenye mbwa anadai laki moja na nusu, eti alikuwa mbwa wa kizungu. Nilipe?

Marahaba, kijana, na pole kwa goti. Hujaniambia ulikuwa na mwendo gani, na hilo ndilo utakaloulizwa la kwanza kokote mtakakopelekana. Saa moja jioni ndiyo giza linaingia; kama taa yako ilikuwa haiwaki kabla ya kuvunjika, useme mapema, maana kuna watu walikuona.

Lakini tukichukulia ulikuwa upande wako na mwendo wako wa kawaida, simwoni mwenye mbwa akikudai chochote. Mbwa hajui barabara. Anayejua barabara ni aliyemfuga, na ndiye aliyemwacha atoke jioni, wakati daladala, bajaji na nyinyi mnagombania lami ileile. Penye uzembe wa pande mbili, hutazamwa nani alizembea na kwa kiasi gani. Kwa hiyo na wewe una dai: taa, goti, na siku ulizokaa bila kazi. Wengi hawajui hivyo. Huona mbwa amekufa, wakadhani aliyebaki hai ndiye mwenye kosa.

Msimalizane kijiweni mkizungukwa na bodaboda wenzako ishirini, kwa sababu hapo mwenye mbwa atakubali lolote na kesho atalikana. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, muandikishiane. Mkishindwana, mahakama ya mwanzo ipo. Na hilo la mbwa wa kizungu lisikutishe. Katika kazi yangu yote sijaona mbwa aliyegongwa ambaye hakugeuka wa kizungu baada ya kufa.

Baba, mimi ni mama lishe hapa Kirumba. Paka wangu alirudi nyumbani amemwagiwa maji ya moto mgongoni. Aliyefanya hivyo hajifichi, anasema kachoka kuibiwa dagaa. Nimempaka paka dawa ya meno, na nimefikiria kumpa Panadol. Nimshitaki huyu mtu?

Mama, Panadol usimpe. Hata nusu kidonge. Kidonge kimoja kinachokutuliza wewe kichwa kinaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauna namna ya kukivunjavunja. Dawa ya meno nayo ioshe taratibu kwa maji safi ya baridi, usisugue. Usiweke mafuta wala unga. Mfunike kwa kitambaa safi chenye unyevu umpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hata kama anakula vizuri. Ngozi iliyoungua huweza kukaa siku mbili tatu ikionekana nzima, kisha inavuka kipande kizima na usaha chini yake.

Kushitaki unaweza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa aina hiyo, na Kanuni ya Adhabu inalitambua kuwa ni kosa kumuua au kumjeruhi kwa makusudi mnyama wa mtu. Kuibiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumwagia kiumbe maji yanayochemka. Kama kuna watu waliona, kawaombe wakusindikize kwa mwenyekiti.

Ila na mimi nikuulize, mama yangu: hao dagaa ni wa nani? Nimewaona wanawake wa pale soko la Mwaloni wakianika alfajiri, kila mmoja ameinama, anawatandaza kwa viganja ili wasilaliane, na ndoo yenyewe pengine kaichukua kwa mkopo. Paka mmoja hamalizi ndoo. Anachofanya ni kutembea juu yake na kukojoa pembeni, na mnunuzi akinusa anaondoka. Ukienda kwa mwenyekiti nenda na hilo pia mdomoni, kwamba hasara ya dagaa utaizungumza. Paka mlishe asubuhi kabla hujatoka, mfungie ndani mpaka dagaa wakusanywe, na kama ni dume muhasi. Dume aliyehasiwa huzurura kidogo na hupigana kidogo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu huyo jirani amekasirika: angalia sana sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, na yeye kaila. Ukimwona anatokwa na mate na kutetemeka, au ufizi umepauka na anatoka damu puani, usimpe maziwa. Kimbia naye kwa daktari, na ukiweza kupata pakiti ya sumu iliyotumika nenda nayo.

Mwanangu aling'atwa mguuni na mbwa wa jirani juzi, hapa Igoma. Ana miaka saba. Jirani katoa elfu kumi, kasema mbwa hana tatizo, alikanyagwa mkia. Bibi yake mtoto kampaka majivu na kidonda kinakauka. Kuna haja ya hospitali?

Leo. Acha kusoma, mchukue mtoto, mengine utayamalizia kwenye foleni.

Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa. Kichaa cha mbwa hakikai kwenye kidonda. Virusi vinaingia na mate, vinashika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda taratibu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, huweza kuwa wiki chache, huweza kufika mwaka. Kipindi chote hicho mtoto anacheza mpira kama kawaida. Siku anapoanza kuogopa maji, dawa hakuna, na karibu kila anayefikia hapo hufa. Chanjo inafanya kazi kabla ya siku hiyo, na ndiyo maana nimekwambia leo.

Kabla hujatoka, toa majivu. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano za saa, uziangalie kwenye simu, maana dakika kumi na tano za mtoto anayelia ni ndefu na utatamani kuacha kwenye ya tatu. Hospitalini sindano ni zaidi ya moja, kwa tarehe watakazokuandikia. Wengi huenda ya kwanza na ya pili, kisha wakaona mtoto mzima wakakaa nyumbani. Usifanye hivyo.

Mbwa asiuawe. Najua vijana wa mtaa watakuwa wameshashika mawe. Afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari atajua la kufanya na sindano zilizobaki. Akiugua, akibadilika sauti, akilegea taya au akifa, afisa mifugo wa kata aitwe mara moja. Hata akifa asipigwe kichwani, kwa sababu kinachopelekwa kupimwa ni ubongo.

Sasa jirani. Muombe kadi ya chanjo ya mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Akikuonyesha kadi, mshukuru, na hospitali uende vilevile. Asipokuwa nayo, elfu kumi yake ni nauli tu. Gharama ya kumtibu mtoto ni yake, na haijalishi mkia ulikanyagwa na nani, kwa sababu mtoto wa miaka saba kukanyaga mkia ni jambo ambalo mfugaji yeyote alipaswa kulitegemea. Kanuni ya Adhabu inamtaja kabisa mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye naye. Mwambie hilo kwa upole, mbele ya mwenyekiti.

Samahani kama nimekuwa mkali. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja baada ya wiki sita, na sipendi kuisimulia.

Mbuzi wa jirani hapa Igogo wanakula mchicha wangu kila siku. Nikiwarushia jiwe nikamvunja mmoja mguu, kosa langu?

Ndiyo. Wakamate, wafunge, mwite mwenyekiti aone mchicha kabla haujanyauka, dai fidia. Jiwe linakugeuza wewe kuwa mdaiwa.

Shikamoo. Naishi Mabatini. Jana gari lilimgonga mbwa na kukimbia. Hana mwenyewe, ni mbwa wa mtaa. Alilala pale saa nzima watoto wakimchokoa na fimbo. Nilitaka kusaidia nikaogopa. Ningefanya nini?

Marahaba binti. Uliogopa kwa haki. Mbwa aliyevunjika mfupa humng'ata hata aliyemlea.

Kwanza ondoa watoto, na usimame mahali magari yanakuona. Mkaribie ukitokea ubavuni, ukiongea polepole, usimwinamie usoni. Chukua kipande cha khanga au ukanda wa nguo, uuzungushe mdomoni mara mbili, ufunge fundo chini ya taya, kisha ncha uzipitishe nyuma ya masikio na kufunga tena. Ikiwa anahema kwa shida au anatapika, usimfunge mdomo, atazibwa pumzi. Panapovuja damu, bandika kitambaa, ukandamize bila kuachia kila dakika kuchungulia. Inua mdomo wa juu uone ufizi. Wa pinki ni dalili nzuri. Ukiwa mweupe kama karatasi, anavuja damu ndani na muda ni mfupi. Usimnyanyue kwa miguu. Mvute taratibu juu ya ubao au gunia lililokunjuliwa, watu wawili mshike pembe, mpakie kwenye bajaji. Maji usimpe, Panadol usimpe, diclofenac usimpe. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na kama mate yake yamegusa mchubuko wako, rudi kwenye jibu la mama wa Igoma.

Nina ugomvi kidogo na hilo neno, mbwa wa mtaa. Mabatini naifahamu. Kuna nyumba humwagiwa ukoko jioni, kuna fundi anamlaza chini ya meza yake ili alinde mbao, kuna duka anabweka mbele yake usiku kucha. Watatu hao wote wanafaidi. Siku akiibiwa mtu wanasema "mbwa wetu alibweka". Siku akigongwa anakuwa wa mtaa. Mimi ningewaendea wote watatu na kuwagawia gharama ya daktari, na safari ijayo ya chanjo. Wataalamu wa kichaa cha mbwa husema mkichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Hao wasio na mwenyewe ndio wanaoiangusha hesabu hiyo.

Mzee, nyumba yangu iko mlimani Bugarika, juu ya mawe. Siwezi kujenga uzio, pesa hakuna na jiwe halichimbiki. Mbwa wangu hushuka mpaka barabarani. Nimfunge mnyororo siku nzima?

Siku nzima hapana. Mbwa wa mnyororo mfupi huchunika shingo na kuwa mkali, na akichomoka siku moja ndiyo siku anayong'ata. Tafuta waya imara, uuvute kati ya mti na nguzo ya nyumba juu ya kichwa chake, upitishe pete, na mnyororo uning'inie kwenye pete. Atakwenda na kurudi mita kumi, kumi na tano. Waya usipite karibu na ukingo wa jiwe, asije akaruka akanyongeka. Kivuli na maji viwe ndani ya mzunguko wake. Mawe yetu saa saba mchana unayajua. Usiku mfungulie ndani, ukiwa na mlango wa kumzuia, au umtembeze kwa kamba asubuhi.

Ninakushauri hivyo kwa sababu wangu alikufa. Aliitwa Polisi, mweusi, sikio moja limelala. Nilikuwa nimetoka kuchota maji, ndoo mbili mikononi, nikalisukuma geti kwa kisigino na halikujibana. Chini kidogo kulikuwa na pimbi juu ya jiwe. Polisi hakuwahi kuvumilia pimbi. Pimbi alikata barabara, naye akafuata. Dereva alisimama, akashuka, akaniomba radhi huku anatetemeka. Nilimwambia aende tu. Mke wangu aliniuliza kwa nini sikumwandika namba ya gari, nikamwonyesha geti.

Nafuga bata, Nyegezi karibu na maji. Wanaingia kwa jirani, na mbwa wake kaua wanne. Atanilipa?

Mbwa alikuwa wapi? Kwa maelezo yako, kwao, ndani ya uzio wake, na bata wako ndio walioingia. Ungeniambia mbwa kavuka kuja kwako ningekupigania. Hapa muombe jirani azibe lile tundu la chini ya uzio, nusu ya matofali utoe wewe. Na hao waliobaki wawahi kurudi bandani. Karibu na maji kuna kenge pia.